Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inapogoma Kusasishwa

Barua za toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni usumbufu wa kusasisha vifurushi vya programu katika mfumo endeshi huria wa Linux, hasa Ubuntu. Kabla ya kuzijibu, tuelewane kuhusu neno. Kwa wasomaji wa Tanzania, kifurushi ni kile tunachonunua kwa kampuni ya simu ili tupate intaneti. Kwa watu wa Linux, kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo ya kuisakinisha na orodha ya programu nyingine inazozitegemea. Katika safu hii kifurushi ni cha programu, na kile cha simu nitakiita bando.

Ndugu mwandishi, salaam. Ninasimamia chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari mkoani Iringa, nasi tunatumia Ubuntu 22.04. Nilikuwa ninasasisha kompyuta ya mezani ninayofundishia umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Uliporudi nikawasha, nikaambiwa kwamba apt haiwezi kupata kufuli la /var/lib/dpkg/lock-frontend. Rafiki yangu akanishauri nilifute faili hilo, nikalifuta. Sasa ninaambiwa kwamba dpkg ilikatizwa, na kila ninapojaribu kusakinisha chochote ujumbe ni uleule. Siku tatu zimepita na wanafunzi hawajaingia darasani. Je, nifute kila kitu nianze upya? — Mwalimu, Iringa

Mwalimu, pole sana, na usifute kitu. Kwa maelezo uliyotoa, kompyuta yako huenda ikarudi katika hali yake kwa amri mbili tu, lakini nataka kwanza ujue kilichotokea, kwa sababu umeme utakatika tena siku nyingine.

Kazi ya kusasisha hufanywa na programu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni apt, ambayo huwasiliana na maghala, yaani seva zinazohifadhi vifurushi, hupiga hesabu ya kifurushi kipi kinategemea kipi, kisha huvipakua. Ya pili ni dpkg, ambayo hukifungua kila kifurushi, huyaweka mafaili yake mahali panapostahili na hatimaye hukisanidi ili kiweze kufanya kazi. Kufungua na kusanidi ni hatua mbili tofauti, na dpkg huandika katika faili la /var/lib/dpkg/status kila kifurushi kimefikia hatua ipi. Umeme ulipokatika, baadhi ya vifurushi vyako vilikuwa vimekwisha kufunguliwa lakini havijasanidiwa. Ujumbe unaouona umetokana na madaftari hayo ya dpkg: apt imekuta humo kazi iliyoachwa njiani, na inakataa kupokea kazi mpya hadi ile ya kwanza ikamilike. Inafanya vizuri kukataa, kwa maana kupachika vifurushi vipya juu ya vingine vilivyosanidiwa nusu ndiko kunakoharibu mfumo kiasi cha kutorekebishika.

Basi fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike `sudo dpkg --configure -a`, uiache imalize hata kama itachukua dakika kadhaa. Ikimaliza, andika `sudo apt --fix-broken install`, ambayo itatafuta vitegemezi vilivyokosekana na kuvijaza. Baada ya hapo endelea na `sudo apt update` na `sudo apt upgrade` kama kawaida. Iwapo amri ya kwanza itakwama kwenye kifurushi kimoja na kulalamika kwamba faili fulani ni tupu au limeharibika, maana yake ni kwamba umeme ulikatika wakati faili hilo linaandikwa kwenye diski, na dawa yake ni kukisakinisha upya kifurushi hicho kwa `sudo apt install --reinstall` ikifuatiwa na jina lake. Na hata lile daftari la status likiharibika, mfumo huweka nakala yake ya karibuni katika /var/lib/dpkg/status-old na nakala nyingine katika folda ya /var/backups, kwa hiyo hata hapo bado njia ipo.

Sasa nizungumzie kufuli, kwa sababu ushauri wa kulifuta faili lile umeenea mno na unaumiza watu. Faili la lock-frontend si kufuli lenyewe. Kufuli hushikwa na programu inayofanya kazi wakati huo, na kiini cha mfumo ndicho kinachosimamia. Programu hiyo ikifa au umeme ukikatika, kufuli huachiwa papo hapo, ingawa faili linabaki palepale likiwa tupu kama lilivyokuwa siku zote. Kwa hiyo ulipowasha kompyuta na kuambiwa kwamba kufuli limeshikwa, palikuwa na programu nyingine hai iliyolishika. Karibu kila mara programu hiyo ni unattended-upgrades, ambayo katika Ubuntu husakinisha masasisho ya usalama yenyewe bila kuombwa. Ratiba yake ni ya kila siku, na ikiwa kompyuta ilikuwa imezimwa saa ile ilipotakiwa kufanya kazi, huianza mara tu kompyuta inapowashwa. Hii ndiyo sababu walimu wengi hukutana na kufuli asubuhi, dakika chache baada ya kuwasha mashine za darasa. Ujumbe wenyewe hutaja namba na jina la programu iliyoshika kufuli. Usome, kisha usubiri. Ukilifuta faili, unaziruhusu programu mbili ziandike katika daftari moja kwa wakati mmoja.

Ili mkasa huu usijirudie, tenganisha kupakua na kusakinisha. Amri ya `sudo apt-get upgrade --download-only` hupakua vifurushi vyote bila kugusa chochote katika mfumo, na umeme ukikatika katika hatua hiyo hutapoteza chochote isipokuwa muda. Vikishafika vyote, subiri wakati ambao umeme ni wa kuaminika, au washa jenereta ya shule kama ipo, ndipo uandike `sudo apt-get upgrade`. Sehemu ya hatari hapo huwa ya dakika chache badala ya saa nzima.

Kwako mwandishi. Nina duka la steshenari na huduma za uchapishaji hapa Kisumu. Fundi aliniwekea Ubuntu 23.10 nami nimeipenda, lakini kila ninapoandika sudo apt update, mistari mingi inakuja na namba 404. Nimebadilisha kampuni ya intaneti mara mbili na sioni tofauti. Tatizo ni mtandao wa huku kwetu? — Mama wa steshenari, Kisumu

Hapana, Mama, mtandao wako ni mzima, na namba 404 ndiyo inayothibitisha hivyo. Seva ndiyo hutoa namba hiyo inapokuwa imekupokea, imekuelewa, na haina faili unalolitaka. Mtandao ungekuwa mbovu, ungeambiwa kwamba seva haipatikani au haikujibu. Fedha ulizolipa kuhama kampuni zimenisikitisha.

Chanzo kimo katika zile namba 23.10. Kila toleo la Ubuntu hupewa namba ya mwaka na mwezi lilipotoka, kwa hiyo lako lilitoka mwezi wa 10 mwaka 2023. Matoleo ya Ubuntu ni ya namna mbili. Yapo ya muda mrefu, ambayo hutoka mwezi wa Aprili kila baada ya miaka miwili na huhudumiwa kwa miaka mitano: 22.04 hadi 2027, na 24.04 hadi 2029. Katikati yake hutoka matoleo ya muda mfupi ambayo huhudumiwa kwa miezi tisa tu. Lako ni la namna hii ya pili, na huduma yake ilikoma Julai 2024. Toleo likishakoma, vifurushi vyake huondolewa kwenye maghala ya kawaida na kuhamishiwa old-releases.ubuntu.com, ambako huhifadhiwa bila kusasishwa tena. Kompyuta yako imeendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama.

Unaweza kubadilisha orodha ya maghala iliyomo katika folda ya /etc/apt ili ielekee old-releases, usasishe kilichopo huko, kisha uandike `sudo do-release-upgrade` ili upande hadi 24.04. Njia hii hufanya kazi, lakini kwa kompyuta ya biashara siipendelei, kwa sababu kosa dogo katikati linaweza kukuacha bila mashine siku ya wateja. Ningekushauri unakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, uhakikishe kwenye kompyuta nyingine kwamba zinafunguka, kisha umwite fundi asakinishe 24.04 upya. Ni kazi ya saa chache jioni moja. Mwambie waziwazi kwamba unataka toleo la muda mrefu. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa kuwa mafundi wengi huchagua toleo lenye namba kubwa zaidi wakidhani wanamtendea mteja wema, na mteja ndiye anayebaki na namba 404 fundi akiwa amekwisha kuondoka.

Namba hiyohiyo huweza kutokea hata katika toleo linalohudumiwa, endapo utaandika `apt upgrade` bila kutanguliza `apt update`. Orodha iliyomo katika kompyuta yako huwa inataja kifurushi ambacho ghala limekwisha kukiondoa na kuweka kipya. Hapo dawa ni kusasisha orodha tu.

Shikamoo mwalimu. Ninasoma chuo Zanzibar na ninatumia Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta mpakato. Kila nikisasisha, baadhi ya vifurushi vinabaki, naambiwa vimezuiliwa. Mwenzangu ameniambia nitumie full-upgrade ili kuvilazimisha. Ni salama? — Mwanafunzi, Zanzibar

Marahaba. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulazimisha.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ubuntu hutoa masasisho yake mengi kwa awamu: sasisho huanza kwa asilimia ndogo ya kompyuta, kisha asilimia hiyo huongezwa siku hadi siku, na ripoti za hitilafu zikizidi, ugawaji husimamishwa kabla madhara hayajawafikia wote. Kompyuta yako huwekwa katika awamu fulani kwa hesabu inayotumia namba yake ya utambulisho, kwa hiyo leo unaweza kuwa wa mwanzo kwa kifurushi kimoja na wa mwisho kwa kingine. Masasisho ya usalama hayapitii utaratibu huo. Hayo huyapata mara moja. Ukiandika `apt policy` pamoja na jina la kifurushi kilichobaki, utaonyeshwa asilimia ambayo awamu imefikia. Ukiiona, acha, kitakuja chenyewe.

Sababu ya pili inahitaji uangalifu zaidi. Kifurushi huweza kuzuiliwa kwa kuwa kusasishwa kwake kunalazimu kingine kiondolewe, na `apt upgrade` haiondoi kitu chochote kilichokwisha kusakinishwa. Hili hutokea sana kwa aliyeongeza maghala ya watu binafsi ili apate toleo jipya la programu fulani. Amri ya `full-upgrade` ina ruhusa ya kuondoa, na hiyo ndiyo tofauti ambayo mwenzako hakukueleza. Unaweza kuitumia, ila kabla ya kukubali soma orodha ya vitakavyoondolewa, jina kwa jina. Ukiona humo jina la mazingira ya eneokazi, yaani madirisha na menyu unazotumia kila siku, kwa mfano ubuntu-desktop au gnome-shell, kataa, kisha utafute ghala la ziada linalosababisha mgongano.

Mfano wa jambo hili ulishuhudiwa na watu wengi mwaka 2021. Mtangazaji wa YouTube wa Kanada, Linus Sebastian, alikuwa akijaribu kuhamia Linux mbele ya watazamaji wake, akitumia mfumo wa Pop!_OS ambao umejengwa juu ya Ubuntu. Alitaka kusakinisha Steam, programu ya michezo. Kwa sababu ya kasoro ya vitegemezi, apt iliona kwamba ili kuisakinisha ni lazima iondoe vifurushi vya eneokazi, ikamwonya, na ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika. Eneokazi lote likaondoka, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Wapo waliomlaumu kwa kutosoma, na wapo walioulaumu mfumo. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na la kurekebisha, na watengenezaji wa apt walirekebisha lao: sasa kifurushi cha lazima hakiwezi kuondolewa kwa kuandika sentensi, bali mtu hana budi kuweka agizo maalumu ndani ya amri yenyewe tangu mwanzo. Linalobaki kwetu ni kusoma orodha ile.

Salaam. Nimenunua kompyuta ya mtumba yenye Ubuntu. Apt inakataa ghala lote ikidai kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika. Inawezekanaje? — Msomaji, Bukoba

Angalia tarehe ya kompyuta yako. Kila ghala hutia sahihi orodha yake, ambayo ndiyo faili la Release, pamoja na tarehe, na apt hukataa orodha ambayo, kwa saa ya kompyuta, imetoka siku ambayo haijafika. Katika kompyuta za mtumba, kile kibetri cha duara kinachotunza saa wakati mashine haina umeme huwa kimekufa, na saa hurudi miaka nyuma kila inapozimwa. Rekebisha tarehe ili uendelee leo, kisha ununue kibetri cha aina ya CR2032 kwa fundi wa kompyuta. Usizime ukaguzi wa sahihi kama utakavyoshauriwa na baadhi ya watu, kwa kuwa sahihi hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba kifurushi ulichopakua ndicho kilichotoka ghalani.

Ndugu mwandishi, tunaendesha kituo cha vijana Mwanza chenye kompyuta nane, zote za Ubuntu 22.04. Mara ya mwisho kila moja ilipakua karibu megabaiti 500, na bando la mwezi likaisha kwa siku moja. Je, hakuna namna ya kupakua mara moja tukagawana? — Mratibu wa kituo, Mwanza

Ndugu mratibu, namna ipo, na ninasikitika kwamba miongozo mingi ya Linux haiitaji, kwa kuwa huandikwa na watu ambao intaneti yao haihesabiwi kwa megabaiti. Kompyuta zenu nane zimepakua vitu vilevile mara nane, gigabaiti 4 kwa kazi ya nusu gigabaiti.

Njia rahisi ni ya flashi. Chagua kompyuta moja, andika `sudo apt update`, kisha `sudo apt-get upgrade`. Nimesema apt-get kwa makusudi: amri fupi ya apt huvifuta vifurushi baada ya kuvisakinisha, lakini apt-get huviacha katika folda ya /var/cache/apt/archives. Nakili mafaili yote ya .deb yaliyomo humo kwenye flashi, kisha uyaweke katika folda hiyohiyo ya kila kompyuta nyingine, ambayo nayo uwe umekwisha kuiandikia `sudo apt update`. Ukiandika sasa `sudo apt-get upgrade`, itavikuta vifurushi vipo na kusema inahitaji kupakua baiti 0, au kiasi kidogo tu kwa kompyuta yenye programu za ziada. Usiyasakinishe mafaili hayo kwa `dpkg -i`, hata kama inaonekana kuwa mkato. apt hulinganisha ukubwa wa kila faili na ule uliotajwa katika orodha iliyotiwa sahihi na ghala, kwa hiyo faili lililonakiliwa nusu kwenye flashi litagunduliwa. Dpkg ikipewa faili moja kwa moja haifanyi ukaguzi huo.

Kwa kituo cha kompyuta nane, hata hivyo, ningejenga utaratibu wa kudumu. Sakinisha kifurushi kiitwacho apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja ambayo huwa inawashwa kila siku. Katika zile saba, tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy na uandike ndani yake mstari mmoja: `Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`, ukiweka anwani halisi ya ile kompyuta ya kwanza mahali pa hii ya mfano. Tangu hapo kila ombi la kifurushi litapitia kwake. Kifurushi kikiombwa mara ya kwanza kitatoka kwenye intaneti, na wengine wote watakipata humohumo chumbani kupitia waya au Wi-Fi yenu, bila kugusa bando.

Limebaki jambo moja ambalo huenda ndilo lililomaliza bando lenu zaidi ya mengine. Katika Ubuntu 22.04, kivinjari cha Firefox huja kama snap, yaani kifurushi cha aina nyingine, na snap hazipitii apt wala apt-cacher-ng. Zina huduma yao ambayo hukagua masasisho mara nne kwa siku na kuyapakua bila kuuliza. Katika kompyuta saba, andika `sudo snap refresh --hold` ili huduma hiyo isimame. Katika ile ya kwanza, weka ratiba ya saa za bando la usiku kwa `sudo snap set system refresh.timer=sat,02:00-05:00`, na mwachie mlinzi maagizo kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi mashine hiyo isizimwe. Asubuhi, bando la usiku likiwa bado halijaisha, andika humo `snap download firefox`. Utapata mafaili mawili, moja la .snap na jingine la .assert, ambayo utayapeleka kwa flashi: kwanza `sudo snap ack` pamoja na jina la faili la .assert, kisha `sudo snap install` pamoja na jina la lile la .snap. Fanyeni hivyo kila mwezi, na kama kuna kompyuta itakayokataa, niandikie ujumbe wake kama ulivyo, neno kwa neno, ili niujibu katika toleo lijalo.